Jioni ya michezo ya mezani Dodoma: watu sita, sanduku la watu wanne, na mshindi yule yule

Mwenyeji wa Ilazo:

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba ushauri wa watu waliowahi kuandaa nyumbani jioni za michezo ya kufikiri, kwa sababu nimefanya hivyo kwa miezi minne sasa, na jambo lililoanza kwa furaha kubwa naliona linaanza kulegea.

Sisi ni marafiki sita. Watano kati yetu tulihamia Dodoma kikazi tukitokea Dar es Salaam, na aliyehamia mji kwa namna hiyo anajua jinsi Jumamosi inavyoweza kuwa ndefu pale ambapo ndugu wote wako mbali. Tukakubaliana tuwe tunakutana kwangu kila baada ya wiki mbili. Tunalo bao zuri la mninga, ubao wa drafti tunaouchezea kwa vifuniko vya soda, seti moja ya sataranji, na sanduku la mchezo wa Catan ambalo mwenzetu alirudi nalo kutoka masomoni Ujerumani. Kwa wasioufahamu, Catan ulibuniwa na Mjerumani Klaus Teuber ukatoka mwaka 1995: wachezaji wanajenga barabara, vijiji na miji juu ya kisiwa kilichopangwa kwa vigae 19 vyenye pembe sita, wanavuna mbao, matofali, sufu, ngano na mawe ya madini kufuatana na dadu zilivyoanguka, na wanabadilishana mali hizo mpaka mmoja afikishe pointi 10.

Matatizo yangu yamefungamana. Sanduku hilo ni la watu watatu au wanne, nasi tuko sita, kwa hiyo wawili hukaa pembeni na baada ya nusu saa wamezama kwenye simu zao. Yuko mwenzetu mmoja aliyeuzoea mchezo huo kabla yetu, naye hushinda karibu kila mara, jambo ambalo si kosa lake, lakini wengine wameanza kucheza kama watu wanaosubiri kufungwa. Mara ya mwisho mume na mke waliomo kwenye kundi letu walipeana kadi kwa namna ambayo wengine tuliona si haki, maneno yakawa makali, na mchezo ulioanza saa 1:30 usiku ukaisha saa 5:00 bila mtu kuufurahia, hata mshindi mwenyewe.

Sitaki jioni hizi zife. Je, ninyi mnapangaje watu na michezo ili pasiwe na mtu anayeketi bure, na ili aliyeanza kujifunza jana aweze kukaa meza moja na fundi bila wote wawili kuchoshana?

---

Mwalimu wa Hisabati, Kikuyu:

Ndugu Mwenyeji, nakupongeza kwanza kwa kulileta jambo hili kabla marafiki hawajaanza kutafuta udhuru wa kutokuja. Nimeucheza mchezo huo na walimu wenzangu kwa muda mrefu kiasi, na nitaanza na habari ya idadi kwa sababu nadhani dawa yake ni nyepesi: msicheze sita, chezeni watatu. Wapange wawili wawili, kila jozi ishike rangi moja na kuamua kwa pamoja. Mchezo wa rangi tatu ni halali kabisa kwa kanuni za sanduku lenyewe, zamu inarudi kwa haraka kuliko mkiwa wanne, na hakuna anayebaki nje. Katika kila jozi mweke anayeujua mchezo pamoja na anayejifunza, na yule mume na mkewe muwatenganishe, si kwa adhabu, bali kwa sababu watu wanaoishi nyumba moja huelewana kwa jicho tu, na wengine mezani hawawezi kushindana na jicho hilo.

Kuhusu kadi zilizopeanwa, kanuni imeshalimaliza suala hilo. Hakuna ruhusa ya kumpa mtu kadi bure. Lazima kila upande utoe kitu, na biashara hufanywa na mwenye zamu tu, ama yeye na mwenzake, ama yeye na benki kwa kutoa kadi nne za aina moja apate moja. Isomeni kanuni hiyo kwa sauti kabla ya kuanza, asubuhi ya mchezo kama inawezekana, maana kanuni inayosomwa baada ya ugomvi kuzuka huonekana imetungwa kwa ajili ya mtu fulani.

Sasa nije kwa mshindi wenu wa kila mara, na hapa naomba mnivumilie niandike kwa urefu, kwa kuwa naamini hamjaona mahali anapowashindia. Hawashindi katikati ya mchezo. Anawashinda katika dakika tano za mwanzo, pale kila mchezaji anapochagua mahali pa vijiji vyake viwili vya kwanza. Karibu kila kigae kina namba, na kijiji kilichopakana nacho huvuna dadu mbili zikijumlisha namba hiyo. Dadu hizo zina njia 36 za kuanguka. Saba hupatikana kwa njia 6, sita na nane kwa njia 5 kila moja, tano na tisa kwa njia 4, nne na kumi kwa njia 3, tatu na kumi na moja kwa njia 2, ilhali mbili na kumi na mbili zina njia moja moja tu. Kijiji kilichopakana na vigae vya 6, 9 na 5 kinapata mali kwa njia 13 kati ya 36. Kijiji kilichopakana na vya 2, 12 na 3 kinapata kwa njia 4. Mchezaji mgeni huona vyote ni vijiji, na anaweza hata kukipenda cha pili kwa sababu kiko karibu na bandari (ambapo benki hubadilisha kwa kadi chache zaidi), kisha anakaa saa nzima bila kuvuna na kudhani ana bahati mbaya. Fundi wenu hadhani, anahesabu.

Kwa hiyo mwandikieni kila mtu jedwali hilo dogo la njia kwenye kipande cha karatasi akiweke mbele yake. Mchezo wenu ujao tumieni mpangilio wa kisiwa uliochorwa ndani ya kijitabu kwa ajili ya wanaoanza, ambao umeshaweka vijiji vya mwanzo mahali pa haki. Waambieni pia wageni kwamba ikianguka saba, kila mwenye kadi zaidi ya saba hupoteza nusu yake, na saba ndiyo namba inayoanguka mara nyingi kuliko zote. Nimewaona watu wazima wenye akili zao wakilimbikiza kadi kumi na mbili mkononi wakingoja kujenga mji, na saba moja ikawarudisha nyuma raundi nne.

Mkitaka kufupisha, kubalianeni kwamba mwisho ni pointi 8 badala ya 10. Tumefanya hivyo shuleni kwetu na mchezo haukupoteza ladha yake.

---

Mzee wa Kete, Chang'ombe:

Nimesoma swali na nimesoma jibu la Mwalimu, ambalo ni jibu la mtu anayejua anachokisema. Hata hivyo, mwanangu Mwenyeji, mimi naona umelitaja bao lako la mninga kwa nusu sentensi kisha ukaliacha, na kumbe liko hapo hapo mezani likikungoja.

Unasema wawili wanaokaa pembeni wanazama kwenye simu. Jiulize kwa nini jambo hilo halitokei barazani. Kwenye baraza la bao wanacheza wawili na wanatazama kumi, na hao kumi hawachoki, kwa sababu bao halina siri. Kete zote 64 ziko wazi machoni pa kila mtu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na zinazoliwa hazitoki ubaoni, bali huingia upande wa mlaji kupitia kichwa, yaani shimo la mwisho wa safu, na kuendelea na mchezo. Mtazamaji anahesabu pamoja na mchezaji. Anaona kwamba ukinamua (ukitia kete ya mkononi) pale kete zitazunguka mpaka wapi na zitalala shimo gani, na moyo wake unaenda mbio kabla ya mkono wa mchezaji kuondoka. Mchezo wenu wa kadi unaficha mali mkononi. Anayetazama haoni chochote cha kufikiri, basi afanye nini kama si kutoa simu? Ndiyo maana nakushauri mchezo wa wazi uwe katikati ya sebule na ule wa siri uwe pembeni, kinyume cha mlivyozoea.

Kwa wanaojifunza, usiwaanzishe na bao lenyewe la Kiswahili. Pale mchezaji anaanza na kete sita kwenye nyumba (shimo maalumu la safu ya mbele), mbili na mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata kuliani, na 22 ziko mkononi za kunamua moja moja. Mtu asiyejua atakamatwa na kanuni za nyumba, za kichwa na kimbi, za kutakasa na kutakasia, mpaka achoke kabla hajaonja utamu. Mwanzishe na bao la kujifunza: kila shimo kete mbili, mashimo 32, na mchezo unaanza moja kwa moja kwenye mtaji, yaani hatua isiyo na kete za mkononi. Akishazoea kuona kete zinavyozunguka na kwamba anayebaki mtupu safu ya mbele ndiye aliyefungwa, mfundishe kunamua. Mimi nilifundishwa hivyo na marehemu mjomba wangu, kwa majuma, chini ya mwembe, naye hakuwahi kunitajia kanuni mbili siku moja.

La fundi anayeshinda kila mara lina dawa ya zamani iliyogeuzwa. Desturi ni kwamba anayefungwa anainuka, mshindi anabaki. Desturi hiyo ni nzuri pale ambapo watu ni wengi na wote wanajua. Kwa watu sita ambao mmoja wao ndiye fundi, igeuze: anayeshinda ainuke. Atapata sifa yake, atapisha, na akikaa pembeni atafundisha, maana fundi asiyecheza huwa na maneno mengi. Hapo ndipo uweke sharti moja, ambalo kwangu silivunji hata akija mkubwa kuliko mimi: mtazamaji aseme anachotaka baada ya kete kulala, wala si kabla. Kumwambia mchezaji cha kucheza wakati mkono wake uko juu ya shimo ni kumnyang'anya bao lake.

Mwalimu anasema muwapange wawili wawili. Sina ugomvi na hilo kwa mchezo wa kisiwa, lakini msilifanye kwenye bao. Watu wawili hawawezi kuwa na mkono mmoja.

---

Mama Mwenyeji, Nkuhungu:

Shikamoo Mzee wa Kete. Umesema jambo la mchezo wa wazi na wa siri ambalo nimeliona nyumbani kwangu kwa miaka kadhaa bila kujua jina lake.

Ndugu Mwenyeji, mimi naandika kama mtu anayepokea wageni, kwa sababu wenzangu wameshughulikia mezani na nadhani sehemu ya shida yako haiko mezani. Mchezo ulioanza saa 1:30 usiku tayari umechelewa. Watu wa Dodoma wanaamka mapema, na aliyepanga Nzuguni au Ihumwa anapoona saa 4:00 imefika anaanza kufikiria bodaboda wala si ngano na sufu. Waalike saa 10:00 jioni, mchezo mrefu uanze saa 11:00 wakati akili bado ni mpya, na yale mafupi ya watu wawili wawili yawe ya mwisho, ili anayetaka kuondoka aondoke bila kuvunja mchezo wa mtu mwingine. Mchezo mrefu ukiwekwa mwisho unawafunga watu kwenye viti.

Chakula kiliwe kabla, kikamilifu, na mikono ioshwe. Najua inavutia kuweka karanga za kukaanga katikati ya meza, lakini mafuta na chumvi vinaingia kwenye kadi, na kadi zikishanata haziwezi kuchanganywa tena. Mimi hupika wali na kuku saa 10:30, kisha wakati wa mchezo kunakuwa na chai ya tangawizi tu, na vikombe vinakaa kwenye stuli pembeni, kamwe si juu ya meza ya mchezo. Kuanzia Juni hadi Agosti msithubutu kucheza kibarazani, hata kama jioni inapendeza; upepo wa mji huu unachukua kadi, na vumbi linaingia kwenye mashimo ya bao. Wekeni pia taa ya kuchaji karibu, kwa maana umeme ukikatika katikati ya zamu kila mtu anakumbuka kadi zake kwa namna yake.

Kuhusu mume na mke, namuunga mkono Mwalimu, na naongeza kwamba wewe mwenyeji uwaeleze faragha mapema, usingoje wakae pamoja ndipo uwainue mbele ya watu.

Nawatahadharisha juu ya jambo moja ambalo nilidhani lingekuwa suluhisho. Niliwahi kuletewa mchezo wa kushirikiana uitwao Pandemic, uliobuniwa na Matt Leacock ukatoka mwaka 2008, ambamo wachezaji wawili hadi wanne hawashindani, bali wote pamoja wanajaribu kuzuia magonjwa yasienee duniani. Nilifurahi nikafikiri ugomvi umekwisha. Jioni ile ndugu yangu mmoja alimwambia kila mtu aende mji gani na atumie kadi gani, tukawa wanne tunaosogeza vipande vya mchezaji mmoja. Mchezo wenyewe ni mzuri sana na bado ninao, lakini sasa tuna makubaliano kwamba mwenye zamu ndiye anayeomba ushauri. Asipoomba, wengine wananyamaza. Anayetawala meza hatibiwi na aina ya mchezo.

Mwisho, kanuni zifundishwe na mtu mpole, hata kama si fundi. Fundi akifundisha anaruka mambo aliyoyazoea.

---

Mwenyeji wa Ilazo:

Shikamoo Mzee, na nawashukuru sana Mwalimu na Mama. Nimekaa kimya kwa sababu nilitaka kujaribu kwanza kabla ya kuwajibu, na jioni yenyewe ilikuwa juzi Jumamosi.

Nilianza kwa kufanya kazi ambayo ilipaswa kufanyika siku ya kwanza: nilikaa na kile kijitabu cha kanuni nikaziandika kwa Kiswahili kwenye ukurasa mmoja, pamoja na jedwali la njia za dadu. Sikutarajia jambo hilo liwe na uzito mkubwa kiasi kile. Tulipoacha kuyaita mambo kwa majina ya kigeni na kusema shamba, msitu, malisho, machimbo na jangwa, mwenzetu mmoja ambaye miezi yote minne alikuwa akicheza kwa kunyamaza alianza kupatana bei kama yuko soko la Majengo. Alimtaka mtu matofali mawili kwa sufu moja, akakataliwa, akasema subiri uone kama utaipata sufu kwingine, na kweli haikupatikana.

Tulicheza jozi tatu hadi pointi 8. Tulianza saa 11:10 jioni tukamaliza saa 12:45, na fundi wetu hakushinda. Jozi iliyoshinda ilikuwa ya mke wa yule ndugu pamoja na mwenzetu mgeni kuliko wote, na walishinda kwa kujenga barabara ndefu kando ya pwani ambayo sisi wote tuliidharau. Mama, niliongea na mume na mke siku mbili kabla, wakakubali bila kinyongo, na mume alikiri kwamba hata yeye hakuipenda jioni ile iliyopita.

Lisiloenda vizuri ni mazungumzo ya ndani ya jozi. Watu walinong'onezana mno, na zamu moja ilichukua karibu dakika sita. Mwalimu, nadhani tunahitaji saa, kila jozi iwe na dakika mbili, nami ningependa kujua kama mmewahi kufanya hivyo au kama haraka hiyo inawaonea wanaojifunza.

Baada ya hapo bao lilikaa katikati ya sebule kama Mzee alivyoelekeza, anayeshinda akiinuka. Fundi wetu wa kisiwa si fundi wa bao, akafungwa na akabaki kitini mara tatu mfululizo, na nilimwona akifurahi kuliko siku zote alizoshinda. Simu sikuziona. Tatizo ni kwamba tulianza kibarazani kwa dakika chache kabla sijakumbuka onyo la upepo, mtoto akapita mbio, ubao ukainama, na kete mbili hazijaonekana hadi sasa. Je, Mzee, naweza kujazia kwa punje za mahindi tukaendelea na 64?

---

Mwalimu wa Hisabati, Kikuyu:

Dakika mbili ni chache kwa michezo miwili ya kwanza. Wekeni nne, kisha tatu. Saa isianze kuhesabu mpaka dadu zianguke, na biashara na jozi nyingine isihesabiwe, kwa kuwa hapo wote mnacheza. Minong'ono pia itapungua mkiruhusu jozi izungumze kwa sauti. Ni kweli wengine watasikia mipango, lakini anayejifunza atasikia jinsi jozi tatu zinavyofikiri badala ya moja.

---

Mzee wa Kete, Chang'ombe:

Usiweke mahindi, mwanangu. Punje ya mahindi ni nyepesi, na mchezaji wa bao huhesabu kwa mkono kabla ya jicho. Akiinua shimo lenye punje mbili atadanganyika. Kete za asili ni mbegu za mkomwe, ambazo ni nzito kuliko punje za mahindi, ngumu na zenye ganda nyororo. Ukikosa mkomwe, tafuta vijiwe viwili vyenye uzito ule ule, uvioshe, uvisugue, na uvichanganye na vingine usiku kabla ya wageni kuja ili hata wewe usivitambue. Lakini kwanza sogeza viti vya kibarazani. Kete iliyopotea nyumbani haiendi mbali.